Bastola ya Rafiki wa Muskogee

Mwizi aliyeingia nyumbani kwa Oneta Purcell alibeba televisheni, redio ya jikoni na koti la ngozi la marehemu mumewe, na yote hayo Oneta angeyasamehe. Kilichomkaa rohoni ni pai. Alikuwa ameoka pai ya njugu za pekani, ameiacha mezani ipoe, akaenda zake kazini. Na mwizi akavuta kiti, akakaa kitako, akala nusu nzima, kisha akaosha uma na kuuanika kwenye kichanja cha vyombo.

"Angalau ni mtu aliyelelewa," Oneta alimwambia bintiye kwenye simu, akitafuta la kuchekea.

"Ni mtu asiyekuwa na haraka, Mama," Twyla akajibu. "Hilo ndilo linalonitisha."

Kabla simu haijapoa, Twyla alikuwa njiani kutoka mji wa Tulsa. Alipofika alimkuta naibu wa sherifu ameshakuja na kuondoka, na pai iliyobaki bado iko mezani, maana ilihesabiwa kuwa ushahidi na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sasa, Twyla huyu kazi yake ni bima. Anaamka asubuhi, anakunywa kahawa, na kutwa nzima anawaza mabaya yanayoweza kumpata mwenzake. Aliizunguka nyumba ya mama yake, iliyo peke yake mwisho wa barabara ya changarawe, jirani wa karibu zaidi wakiwa ni ng'ombe wa watu, akarudi jikoni na uamuzi. Chumba Tulsa kiko tayari, alisema. Kina dirisha la kusini na bafu lake.

Oneta alikijua chumba hicho, na aliijua mitaa ile. Kule mtu hubonyeza kitufe gari likiwa bado barabarani, mlango wa gereji ukajifungua, akaingia, ukajifunga, basi, hadi kesho. Mtu angeweza kufa na kufufuka kule, jirani asijue lolote. Kumpeleka huko mwanamke aliyeendesha saluni katika mji mdogo wa Haskett kwa miaka mingi, aliyezoea kuzungukwa na watu tangu kahawa ya kwanza, ni sawa na kumzika miguu ikiwa bado inacheza.

Wakavutana mpaka barafu ikayeyuka kwenye glasi za chai baridi. Mwishowe Twyla akatoa masharti. Yeye mwenyewe hubeba bastola chini ya koti mwaka wa kumi huu, na mama hakuwahi kuiona hata siku moja. Basi na Mama abebe. Si ya kuweka kwenye droo, maana bastola ya kwenye droo ni ya mwizi atakayefika kabla yako. Mwilini, tangu kuamka hadi kulala. Pili, awe anaweza kuipiga sahani ya karatasi kwa umbali wa kutoka jiko hadi mlango wa nyuma. Tatu, asijue mtu yeyote Haskett. Watu wakijua kwamba mama wa mwisho wa barabara ana bastola, mwizi naye atajua, na safari ijayo hatakuja kufuata pai.

Oneta akasema hayo ni maji ya kunywa.

"Mawili ya kwanza siyawazii," Twyla akasema. "Nawaza hilo la tatu. Mama, mimba yangu ya kwanza watu wa saluni waliijua kabla ya mume wangu."

Wakapatana kwamba mtihani utakuwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku ile ya Septemba ambapo Wabaptisti wote waliowahi kuishi Haskett hukusanyika kanisani kula. Twyla atakuja. Akimsikia mtu mmoja tu anataja bastola ya mama yake, kesho yake analeta lori la mizigo.

*

Bastola Haskett ni kama nguo ya ndani. Kila mtu anayo, na si ustaarabu kuulizana. Lakini chini ya kofia za kukaushia nywele za Oneta, ustaarabu hukauka pamoja na rola. Kwa hiyo Oneta alipofika kazini aliziba kisima chake kwa kifuniko kimoja tu: alisema ana rafiki yake mjini Muskogee, mjane maskini, anatafuta bastola ndogo ya kubeba na hajui ashike ipi aache ipi.

Mikoba ikafunguliwa juu ya magoti. Mke wa mchungaji alikuwa na ya rangi ya fedha, zawadi ya miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa na ya waridi, mumewe aliiweka chini ya mti wa Krismasi kwa sababu ilifanana na viatu vyake. Kila mmoja akasifia ya kwake kama mtu anavyosifia mtoto asiyefanya vizuri shuleni. Oneta akauliza, kwa niaba ya rafiki, ni lini walizipiga mara ya mwisho. Mtu akaulizia bei ya nyama.

Aliyezungumza kwa uhakika ni LaVerna Birdsong. LaVerna ni shoga yake Oneta tangu enzi za nywele za kupandisha juu kama mnara. Ana kifua kikubwa, sauti kubwa, na vidole visivyotulia, kila anapokaa anafuma. "Mwambie huyo rafiki yako anunue ile ndogo kabisa," akasema. "Inaingia mfukoni kama pakiti ya tishu. Mimi yangu huwa naisahau kama ipo." Akaupigapiga mkoba wake kwa upendo. Alikuwa ameifumia na kifuko cha uzi wa zambarau, akasema, isikwaruzike.

Mkoba wake peke yake ndio ambao haukufunguliwa, lakini Oneta wakati huo alikuwa na kichwa cha mtu mkononi na hakulitilia maanani.

*

Duka la Delmer Tackett liko njia ya ziwani. Upande mmoja minyoo na ndoano, upande wa pili bastola na risasi, katikati Delmer mwenyewe, mgane mwenye ndevu za mvi zilizochongwa vizuri na maneno machache, kila neno analitoa kana kwamba halirudi tena. Mtu akionekana anaingia pale, anayemwona hajui anafuata nini, na Oneta aliona hilo kuwa neema. Alichukua kwanza kopo la minyoo, akalishika mbali na mwili, ndipo akaonyesha kidole kile kibastola kidogo kuliko vyote.

Delmer akamuuliza kama angependa kujaribu kadhaa. Nyuma ya duka kuna tuta la udongo la kulengea shabaha. Oneta akasema hapana, rafiki yangu ameshanieleza. Delmer akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akapiga simu ile ya kisheria ya kumchunguza mnunuzi, akapata ruhusa, akafunga mzigo.

Kilikuwa kitu cha kupendeza. Kwenye mfuko wa koti la kazi hakikuonekana kabisa, hata mwenyewe alikipapasa mara mbili kuhakikisha. Akarudi nyumbani akiimba, akabandika sahani za karatasi kwenye robota la nyasi mbele ya tuta la bwawa la ng'ombe, akaziba masikio, akavaa miwani ya kinga.

Kwanza hakikukubali kukokiwa. Aliivuta ile sehemu ya juu kwa vidole, kwa kiganja, kwa kiganja kilichoshika taulo, na alipofanikiwa alikuwa ameshatokwa jasho. Kisha akapiga. Kibastola kilimruka mkononi kama kambare aliyetolewa majini. Sahani ikamtazama, nzima kama ilivyotoka dukani. Akapiga tena, akapiga tena, na kila risasi ilimwuma kati ya kidole gumba na cha shahada, pale pale panapokaa mkasi. Alipomaliza, ng'ombe wote walikuwa wamehamia upande wa pili wa malisho na sahani haikuwa na hata alama ya inzi.

Kesho yake mke wa mchungaji alitoka saluni nywele za kwenye paji la uso zikiwa zimeinama upande mmoja kama picha iliyotundikwa na mlevi. Oneta akasema mkono umeumizwa na kifuniko cha chupa ya matango ya siki. Walimpa pole. LaVerna alimpa pole pia, lakini macho yake yalikuwa nje ya dirisha, kwenye kiti cha mbele cha gari la Oneta, ambako kopo la minyoo lilikuwa linaota jua.

Baada ya hapo hapakuwa na amani. Oneta na minyoo wapi na wapi? Oneta, ambaye akiona konokono kwenye letusi anaita watu? Mmoja akauliza Delmer siku hizi anauza nini kingine zaidi ya minyoo, na wanawake wakafikiri, na taratibu, moja baada ya nyingine, nyuso zikaanza kung'aa chini ya zile kofia. Delmer hakuwa na kingine. Delmer alikuwa na Delmer.

Oneta angeweza kuuua uvumi ule kwa sentensi moja. Lakini sentensi ile ilikuwa na magurudumu, na ingempeleka Tulsa. Akaimeza. Ilishuka kooni kama kokwa ya pichi, na ilikuwa ya kwanza kumezwa tangu azaliwe.

*

Aliporudi dukani, Delmer hakushangaa. Aliitazama plasta mkononi mwake, akamvutia kiti, akafungua droo iliyokuwa chini ya kaunta. Ndani mlijaa vibastola vidogo, vimelala ubavu kwa ubavu kama dagaa: vya fedha, vya waridi, kimoja kina kipepeo cha kuchora.

"Bi Oneta," akasema, "mtu hununua bastola mbili. Ya kwanza anaununulia mfuko. Ya pili anaununulia mkono."

Kisha, kwa mtu wa maneno machache, akamwaga mengi. Waume wa Haskett, alisema, huona mkono mdogo wakadhani unataka bastola ndogo. Ni kinyume chake. Uzito ndio unaoimeza nguvu ya risasi. Kitu kikiwa chepesi nguvu yote inarudi kwa aliyekishika. Halafu kadiri inavyokuwa fupi ndivyo springi yake inavyokuwa kaidi, na vidole vinakosa pa kukaa. Ndogo kabisa ni rahisi kubeba na ngumu kupiga, na wanaoiweza vizuri ni wale waliopiga risasi nyingi maishani. Anayeanza ndiye hasa hapaswi kuinunua, na anayeanza ndiye kila mara anayeinunua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema rafiki yako ameshakueleza."

Oneta angemjibu, lakini jicho lake lilikuwa limenaswa na kitu ndani ya droo. Kwenye kona, nyuma ya kile chenye kipepeo, kililala kifuko cha uzi wa zambarau, ukingo umefumwa kwa mafundo yale ya mawimbi ambayo katika wilaya nzima yanafumwa na mikono miwili tu.

Jamani. Kwa hiyo LaVerna alikirudisha. LaVerna, anayekisahau kama kipo, alikuwa hana! Aliwashauri wenzake bastola iliyomshinda mwenyewe, kisha akaupigapiga mkoba mtupu mbele za watu. Oneta alihisi furaha ikimpanda toka kwenye unyayo. Habari tamu kama hii haikuwa imemfikia tangu mchungaji aliyepita ahame na kinanda cha kanisa. Delmer aliyafuata macho yake, hakutaja jina la mtu, akaifunga droo polepole.

Na hapo hapo Oneta akaelewa kwamba hawezi kuisema. Akimwambia mtu ameona kifuko cha LaVerna, ataulizwa amekionea wapi, na alikuwa anafanya nini kwenye droo ya Delmer. Kokwa ya pili hiyo, tena kubwa kuliko ya kwanza.

Wakatoka nyuma kwenye tuta. Delmer alimpa kwanza rivolva fupi ya risasi tano, isiyohitaji kukokiwa. Ilikuwa haina ubishi, ila triga yake ilikuwa nzito na ndefu, na kila alipomaliza kuivuta bastola ilikuwa imeshageukia kwingine. Akampa ya pili, nyembamba, iliyolala kiganjani vizuri, lakini kidole kidogo kilibaki kikining'inia nje, na zile alama za kulengea zilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Ya tatu Oneta aliitazama kwa shaka. Ilikuwa kubwa kuliko alivyopenda, nzito kama chupa ya shampuu iliyojaa. Alipoishika, vidole vyote vilipata makazi.

Delmer akamfundisha kuikoki. Usivute kwa ncha za vidole, alisema. Shika yote kwa juu, ikaze karibu na kifua, mdomo wa bastola ukielekea kwenye tuta muda wote, halafu usukume kwa mkono wa chini kama unayesukuma droo iliyokwama. Ikakubali mara ya kwanza. Akalenga sahani, akavuta triga taratibu, na bastola ikainuka na kurudi mahali pake kama mtu anayeitikia salamu. Kwenye sahani palikuwa na tundu. Halikuwa katikati, lakini lilikuwa la kwake.

Alipiga mpaka sahani ikafanana na chujio. Mkono ulimchoka, haukumwuma. Wakati wa kuondoka Delmer alimfungia bastola, ala ngumu inayofunika triga yote, na bila kuulizwa, kopo la minyoo.

*

Kuichagua ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuivaa. Mkoba Twyla aliukataza, na kwa haki, maana mikoba ya saluni ni mali ya umma, kila mtu anaingiza mkono akitafuta pipi. Kiunoni kwa upande ilikaa vizuri mpaka alipoinua mikono, na msusi hufanya kazi mikono ikiwa juu kutwa nzima. Blauzi ilipanda, na kwenye kioo akajiona ameota nundu. Akajaribu mgongoni, akashindwa kuegemea kiti. Mwishowe aliiweka mbele, ndani ya ukanda wa suruali, chini kidogo ya kitovu, juu yake blauzi pana yenye maua makubwa, kwa sababu aligundua kwamba kitambaa cha rangi moja husema kila kilichomo ndani, bali maua hupiga kelele mpaka husikii kingine. Akajifunza kuokota kitana kwa kukunja magoti badala ya kuinama. Wateja wakasema mapenzi yamemfanya awe na adabu ya kimwili.

Uvumi wa Delmer ulikuwa umenawiri. Minyoo aliyoinunua kwa kisingizio aliimwaga kwenye vitanda vya maua, na waridi zake mwaka huo zilitoka kubwa kama kabichi, jambo ambalo lenyewe lilichukuliwa kuwa ushahidi.

Jumapili ya Kurudi Nyumbani ikafika na joto lake. Baada ya ibada meza zikatandikwa chini ya mahema: kuku wa kukaanga, saladi za viazi ambazo hakuna aliyediriki kusema ya nani ni bora, maharage, mikate ya mahindi, madumu ya chai ya barafu. Twyla alikuwa amesimama karibu na chai, mkono mmoja kwenye glasi, masikio wazi kama mlango wa zizi.

Kilichomtisha Oneta ni kukumbatiana. Kwa miaka arobaini aliwakumbatia watu wa Haskett kifua kwa kifua, akiwatikisa. Asipokumbatia watamwita daktari. Basi akabuni mbinu: akaja kwa ubavu, mkono mmoja begani, kiuno mbali. Alimkumbatia hivyo mwalimu wa darasa la pili, kisha shemasi mkuu, kisha mjane wa mwenye ghala la ngano. Na mara akagundua jambo ambalo hakuwahi kuligundua maisha yake yote. Kila mmoja wao naye alikuja kwa ubavu. Kila mmoja aliweka kiuno mbali. Miaka yote hiyo alidhani Wabaptisti wenzake ni watu baridi, kumbe kila mmoja alikuwa anachunga chuma chake.

Alikuwa bado anaistaajabia hekima hiyo LaVerna alipomjia kwa mbele, mikono wazi, kwa mazoea ya miaka. Oneta akakwepa kushoto. LaVerna, ambaye naye ghafla alionekana kukumbuka kitu, akakwepa upande huo huo. Wakakutana tumbo kwa tumbo, na kutoka kati yao ikatoka sauti kama vifuniko viwili vya sufuria vinavyosalimiana.

Hawakuachana. Walibaki wamekumbatiana, nyuso zikitabasamu kwa hadhira.

"Shoga," LaVerna akanong'ona, "rafiki yako wa Muskogee amekuja na wewe?"

"Kifuko cha zambarau kinakusalimu," Oneta akanong'ona. "Kimelala kwenye droo ya mtu."

LaVerna alishusha pumzi ndefu yenye harufu ya matango. Akakiri, kwa sauti ya chini kabisa aliyowahi kuitumia, kwamba kile kidude kilimvunja ukucha siku ya kwanza, na kwamba ya sasa ni nzito kama chupa ya shampuu. Aliona haya kusema. Alikuwa ameshakisifia mno.

"Ukisema neno leo," Oneta akamwambia, "Twyla ananihamishia Tulsa. Kesho. Nakuomba."

LaVerna akamwachia, akamtazama, akamtazama Twyla pale kwenye chai, kisha akachukua sahani na kuondoka.

Oneta alimfuata kwa macho. LaVerna alisimama meza ya kwanza, akainama kwenye sikio la mtu. Yule mtu akageuka kumtazama Oneta. Akaenda meza ya pili, akainama. Wakageuka watatu. Meza ya kwaya nzima ikageuka kama alizeti. Mdomo ule Oneta aliufahamu, walikuwa wameunoa pamoja. Akaweka kuku wake chini. Akaanza, kichwani, kufunga vyombo: vipi vitatosha kwenye chumba chenye dirisha la kusini, na vioo vya saluni atamwachia nani.

Twyla akaja kwa hatua za mtu wa bima.

"Mama. Nimesikia. Watu wanne wameniambia, na sijashika hata sahani."

Oneta akajaribu kusema kitu kuhusu mkono wake na sahani za karatasi na kwamba hakumwambia mtu, anaapa.

"Hukumwambia mtu? Wilaya nzima inajua. Na mimi, mwanao wa kumzaa, naambiwa na shemasi." Macho ya Twyla yalikuwa na unyevunyevu. "Bwana wa minyoo, Mama?"

Ilimchukua Oneta muda kuelewa kwamba bado yuko Haskett. Juu ya bega la Twyla alimwona LaVerna kule mbali, anatafuna paja la kuku kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kibarua. Alikuwa amechukua uvumi ule wote, akautandaza juu ya meza zote kama kitambaa cha sikukuu, na chini yake bastola ilikuwa haionekani hata ukingo.

Hapo ilibidi Oneta aseme jambo, na lililotoka ni, "Delmer ni mtu mwema." Alilisikiliza likitoka, akashangaa kwamba halikuwa na uongo ndani yake.

*

Alasiri walienda kwenye tuta la bwawa. Oneta akakunja magoti, akainua maua ya blauzi, akaitoa bastola na kuipiga sahani kwa umbali uliokubaliwa, kisha akaipiga nyingine, huku ng'ombe wakihama kwa desturi yao. Oneta alipoirudisha kwenye ala, Twyla akamzunguka mara mbili. Akamwambia ainue mikono kama anasuka. Akamwambia aokote kitu. Akatikisa kichwa kwa namna ambayo tangu utotoni ilimaanisha amekosa cha kulaumu.

Kuhusu chumba, alisema labda atakifanya cha kushonea.

Aliposhaingia garini na mkanda amefunga, akateremsha kioo.

"Mwambie Shangazi LaVerna," akasema, "asogeze ya kwake upande kidogo. Mlivyogongana pale nilidhani mtu ameangusha sufuria." Kisha akaondoka, vumbi la changarawe likimfuata hadi barabara kuu.

Jumatatu saluni ilifurika. Mke wa mchungaji alikuwa na binamu yake, huko Muskogee, anayetafuta bastola ya kubeba. Je, wenzake wanashauri ipi? Oneta na LaVerna wakakutana machoni ndani ya kioo. Mwambie binamu yako asimwulize mtu, Oneta akasema, na LaVerna, huku sindano zake zikienda mbio, akaongeza kwamba aende akaishike mwenyewe, aipige, mkono wake ndio utamjibu. Mke wa mchungaji akasema atamfikishia, na akauvuta mkoba wake karibu zaidi na mapaja.

Ni wakati huo kengele ya mlangoni ililia na Delmer Tackett akaingia. Shati lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe. Alisema amekuja kukata nywele, na uvumi, ukiwa umeshamfikia naye, ulikuwa umemfanya achane ndevu. Chini ya kofia za kukaushia vichwa vyote vikageukia mlangoni. Mkononi alishika kopo la minyoo, juu yake amefunga utepe.

"Keti, Delmer," Oneta akasema, akautikisa mtandio wa kunyolea. Akashuka kulipokea kopo, kwa kukunja magoti, bila kuinama.